Tandiko la chini ya turubai: maswali ya wapiga kambi wa Nairobi

Maswali haya huulizwa na watu wa Nairobi na viunga vyake walioamua kulala chini ya turubai, ama kwa kuwa hema ni ghali, ama kwa kuwa begi tayari ni zito. Tandiko tunalolizungumzia ni karatasi au kitambaa kisichopitisha maji, kinachotandazwa juu ya udongo kabla ya mkeka wa sponji na begi la kulalia.

Je, ni lazima niwe na tandiko?

Lazima, hapana. Mtu anaweza kutandaza mkeka wake juu ya nyasi kavu za Januari na akaamka salama. Lakini hema lina sakafu yake, turubai halina, na ardhi ya sehemu nyingi tunazolala si kavu jinsi inavyoonekana saa kumi jioni. Nyasi za vilima vya Ngong hulowa umande hata msimu usio na mvua. Begi la kulalia la manyoya ya bata likilowa halina joto tena. La nyuzi za kutengenezwa huvumilia kidogo, ila kesho yake utalibeba na maji yake.

Liwe na ukubwa gani?

Liwe dogo kuliko paa. Hapa ndipo watu hubisha sana, kwa sababu inaonekana wazi kwamba tandiko kubwa hukinga zaidi. Sivyo. Turubai humwaga maji kwenye kingo zake. Tandiko likitokeza nje ya kingo hizo, hata kwa upana wa kiganja, linayapokea maji hayo na kuyaingiza ndani, na kwa kuwa halipitishi maji, yanajikusanya chini ya mgongo wako.

Tuchukue turubai la mita 3 kwa 3 lililopitishwa juu ya kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Kamba iko mita 1.2 kutoka ardhini na kingo mbili zimeshushwa kwa vigingi hadi chini. Kila kipaa, yaani kila upande wa paa unaoteremka, kina mita 1.5. Kwa hesabu ya Pythagoras ya shuleni, kila kipaa kinafunika sentimita 90 za ardhi, kwa hiyo upana wote ni mita 1.8. Tandiko la mita 1.2 hapo linaacha sentimita 30 kila upande, nafasi ya kutosha kwa matone yanayoruka baada ya kugonga udongo. Ukishusha kamba hadi mita 1, unapata upana wa karibu mita 2.2. Ukiipandisha hadi mita 1.35 ili ukae wima bila kuinama, unabaki na mita 1.3 tu, na tandiko lilelile sasa liko karibu kabisa na mchuruziko. Ndiyo maana mtu hulala pakavu Jumamosi, akapandisha kamba kidogo Jumapili, akalowa, kisha akalaumu turubai.

Kwa urefu, mita 2.1 zinamtosha mtu wa kawaida. Ncha mbili za paa la namna hii ziko wazi, na mvua ya upepo hupitia hapo. Upepo wa Nairobi huja zaidi kutoka upande wa mashariki, basi usielekeze ncha huko. Elekeza kipaa.

Tayari nina kubwa. Nilikate?

Si lazima ulikate. Kunja kingo zilizozidi kwa chini, upande wa udongo. Zikikunjwa kwa juu zinakuwa mfereji wa kukusanyia maji.

Ninunue nini hasa: nailoni, turubai jingine, au bango la matangazo?

Nailoni (yaani polithini) nyeusi au nyeupe inayouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ile mafundi wanayotandaza kabla ya kumwaga zege la sakafu, inatosha kabisa. Ukienda dukani utaulizwa geji. Geji 500 ina unene wa mikroni 125, na geji 1000 ni mikroni 250. Kipande cha mita 2.1 kwa 1.2 cha geji 500 kina uzito wa karibu gramu 290, cha geji 1000 karibu gramu 580. Kwa anayetembea na begi mgongoni, 500 ni sawa, mradi asafishe mahali kwanza. Kwa anayekwenda na gari, achukue 1000 na asahau habari ya miiba midogo.

Turubai la plastiki lililofumwa, lile la buluu au kijani lenye pete za chuma pembeni, lina nguvu kuliko nailoni kwa sababu nyuzi zake zilizofumwa huzuia mpasuko usiendelee. Udhaifu wake uko kwenye utando mwembamba ulioshikilia nyuzi hizo pande zote mbili. Ukishaparara kwa kukunjwakunjwa na kuburutwa, maji hupita kati ya nyuzi ingawa huoni tundu lolote. Kwa hiyo turubai la bei rahisi lililozeeka juani juu ya kibanda usilitegemee chini, hata kama lingali zima machoni.

Mabango ya matangazo yaliyokwisha kazi ni mali nzuri, na baada ya kila uchaguzi Nairobi haikosi. Hayapitishi maji, hayapasuki ovyo, na yakitandazwa hukaa yametulia. Tatizo ni uzito: kipande cha kumtosha mtu mmoja huweza kufika kilo moja. Uso wenye picha uelekee chini, kwanza kwa sababu wino huchuja ukisuguliwa na vitu vyako, na pili kwa sababu si kila mwanasiasa ni wa kulala naye.

Wanaohesabu kila gramu hupenda Tyvek, karatasi ya nyuzi za polithini iliyotengenezwa na kampuni ya DuPont na inayotumika ng'ambo kufunikia kuta za nyumba za mbao. Kipande hichohicho kitakuwa na karibu gramu 150. Huruhusu mvuke kupita huku ikizuia maji, ingawa ukipiga magoti juu yake kwenye udongo uliolowa tepetepe, unyevu kidogo unaweza kupenya. Ukiipata, vizuri. Ukiikosa, usiagize ng'ambo kwa ajili ya kulala usiku mmoja Naivasha.

Mama anasisitiza nibebe gunia. Ana maana?

Anayo, ila si ile anayoifikiria. Gunia la plastiki limefumwa bila utando, hivyo maji hupita. Lakini likitangulia chini, kisha nailoni juu yake, linaikinga nailoni na mbigili na miiba ya migunga. Ukienda nchi kavu ya Magadi, Suswa au Olorgesailie, fuata neno la mama.

Mvua haikunyesha. Mbona asubuhi nimekuta maji chini ya tandiko?

Ni mvuke wa udongo. Ardhi hutoa unyevu usiku kucha, na ukifunika kwa kitu kisichopitisha hewa, mvuke huo unagota chini yake, unapoa na kugeuka matone. Upande wa chini kulowa ni dalili kwamba tandiko limefanya kazi, kwa sababu maji hayo yangeishia kwenye sponji yako.

Maji yakiwa upande wa juu ni habari nyingine. Angalia yalipo. Yakiwa chini ya mkeka pekee, hasa sehemu ya mgongo na nyonga, ni jasho na mvuke wa mwili wako uliokutana na baridi. Yakiwa pembeni, ni mvua au matone yaliyodondoka kutoka upande wa ndani wa turubai, na hapo dawa ni kuinua kipaa kimoja kidogo upepo upite. Yakiwa katikati, kama doa la mviringo, tafuta tundu.

Nina tandiko zuri na bado nilisikia baridi kutoka chini. Kwa nini?

Kwa sababu tandiko huzuia maji, halizuii baridi. Joto la mwili wako hutoroka kwa kugusana na ardhi, na nailoni ya robo milimita haina cha kulizuia. Kazi hiyo ni ya hewa iliyonaswa ndani ya sponji. Usiku wa Julai, Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na msitu wa Kereita au kingo za milima ya Aberdare hushuka zaidi. Bila mkeka mzuri, tabaka tatu za nailoni hazitakusaidia. Kama huna sponji, kusanya majani makavu yaliyokwisha anguka, yatandaze kwa unene wa kutosha, kisha tandiko lije juu yake. Usikate matawi mabichi. Msituni hilo ni kosa, na walinzi wa misitu hawana mzaha nalo.

Maji yakianza kupita chini wakati wa mvua nifanye nini?

Ukifika hapo umechelewa, kwa kuwa swali lenyewe lilipaswa kujibiwa jioni, wakati wa kuchagua mahali. Watu hukimbilia sehemu tambarare kabisa, iliyo laini, isiyo na nyasi ndefu. Mara nyingi sehemu ya namna hiyo ni laini na tupu kwa sababu maji hutuama hapo kila mvua ikinyesha. Inama uangalie: udongo uliopasuka vipande na kujikunja kingo, au takataka za majani zilizojipanga kwa mstari, ni alama za maji yaliyosimama au yaliyopita. Lala hatua chache juu yake, penye mwinamo mdogo, kichwa kikiwa juu.

Aina ya udongo nayo ina neno. Udongo mwekundu wa Kiambu na Limuru hunywa maji haraka. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa Kitengela, Embakasi na mbuga ya Nairobi, ukishavimba haupitishi kitu. Maji yanatembea juu yake, na tope linaganda kwenye tandiko kiasi kwamba asubuhi unabeba uzito mara mbili. Kati ya Machi na Mei, ukilazimika kulala penye udongo huo, tafuta mwinuko mdogo au ukingo wenye mawe, kisha utandike juu ya nyasi zenyewe, usizing'oe.

Mfereji kuzunguka kambi tulifundishwa na wazee wa skauti, lakini siku hizi haufai. Unaanzisha mmomonyoko, na katika mbuga na misitu ya serikali hutaruhusiwa kuuchimba.

Kuna jambo moja ambalo halina mjadala. Usilale kwenye laga, yaani mto mkavu, wala ndani ya korongo, hata anga ikiwa safi. Mvua inaweza kunyesha milimani mbali na hapo, na maji yakakufikia bila onyo. Katika korongo la Hell's Gate watu walifagiliwa na mafuriko ya ghafla na kufa Aprili 2012, na tena Septemba 2019. Hao walikuwa wanatembea mchana, macho wazi.

Nikiinua kingo za tandiko ziwe kama beseni, si maji hayataingia?

Inasaidia kwa maji membamba yanayotiririka juu ya ardhi. Weka fimbo au viatu chini ya kingo, ziinuke kwa sentimita tano hivi. Lakini fanya hivyo tu kama kingo zote ziko ndani kabisa ya paa. Beseni huzuia maji kuingia, na yakishaingia huzuia yasitoke.

Upande upi ukae chini?

Kwa nailoni ya kawaida, wowote. Kwa kitambaa chenye utando upande mmoja, ule unaong'aa au unaonata kidogo, elekeza utando juu ili usisuguliwe na mawe. La muhimu zaidi ni kutobadilisha. Andika herufi kubwa kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kona ya upande wa chini, na siku zote upande huo ndio wa udongo. Vinginevyo tope la jana ndilo shuka la leo.

Nateleza usiku kucha juu ya nailoni!

Tandika leso au shuka ya Kimaasai kati ya nailoni na mkeka. Au chora mistari michache ya silikoni ya kuzibia vioo upande wa chini wa mkeka, uiache ikauke siku nzima.

Tandiko linazuia siafu, nge na nyoka?

Halizuii. Siafu wakiwa safarini hawajali umetandika nini, na kuhama ndiyo njia ya haraka. Kabla ya kutandika, kagua eneo lote kwa tochi na usogeze mawe kwa fimbo, si kwa mkono.

Hatari kubwa iko asubuhi, unapolikunja. Chini ya tandiko pana joto lako na unyevu, na wadudu hupapenda. Katika nchi kavu ya Magadi nge ndiye wa kuangaliwa sana. Vaa viatu kwanza, baada ya kuvikung'uta. Kisha shika ukingo ulio mbali nawe na uvute kuja kwako, ili tandiko lenyewe liwe ngao kati yako na kilichomo, na mnyama awe na njia ya kukimbilia upande wa pili. Wengi hufanya kinyume: wanainua ukingo wa karibu, miguu iko papo hapo, halafu wanashangaa.

Na kuhusu wanyama wakubwa: turubai wazi si pa kulala penye simba, wala kando ya ziwa Naivasha ambako viboko hupanda usiku kula nyasi. Lala ndani ya kambi zilizotengwa na uwasikilize askari wa KWS, shirika la wanyamapori. Kwenye vilima vya Ngong, waulize walinzi wa misitu kabla hujachagua mahali, kwa ajili ya nyati na pia kwa ajili ya wezi.

Na mbu?

Ning'iniza chandarua kwenye kamba ya paa na uchomeke kingo zake chini ya mkeka, juu ya tandiko. Mahali kama Magadi, nchi ya chini yenye joto, hilo si anasa. Tandiko hapo linasaidia kwa namna yake, kwa sababu kingo za chandarua hazigusi udongo wala hazichukui mbigili.

Naweza kuweka jiko juu ya tandiko, chini ya turubai?

Hapana kwa yote mawili. Nailoni huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, na kaa moja likidondoka linatoboa tandiko papo hapo. Kibaya zaidi ni hewa. Jiko la makaa lililoingizwa penye kingo zilizoshushwa hadi chini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na turubai lililobanwa vizuri dhidi ya mvua linaweza kuikusanya kama chumba. Pika nje, ota moto nje, uache jiko huko huko hata kama limebaki na majivu mekundu tu.

Nina hema la kawaida. Ninahitaji tandiko chini yake?

Linarefusha maisha ya sakafu ya hema, hasa kwenye kokoto za Longonot. Liwe dogo kuliko sakafu kwa sentimita tano kila upande, kwa sababu ileile ya matone.

Nitajuaje kama langu bado linazuia maji?

Tandaza kurasa za gazeti kwenye sakafu ya nyumba, weka tandiko juu yake, mwaga kikombe cha maji na upige goti moja hapo kwa dakika moja. Uzito wako ukiwa umekusanyika kwenye goti hubana kuliko ukilala. Inua uangalie gazeti. Rudia kwenye mikunjo, maana ndiko huanza kuchoka. Mashimo madogo huonekana ukiliinua dhidi ya jua.

Tundu lizibe kwa utepe mpana wenye gundi kali, pande zote mbili, baada ya kusafisha kwa spiriti na kukausha. Kata kona za utepe ziwe mviringo, zisianze kubanduka. Usimpe fundi ashone kiraka katikati, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango mpya. Pembeni sawa, ashone na kupiga pete za chuma apendavyo.

Naishi fleti, sina pa kuanika. Nilihifadhije?

Futa tope kwa kitambaa chenye maji na sabuni ya kipande. Dawa ya kung'arisha nguo usiisogeze karibu na kitambaa chenye utando. Kamba za nguo juu ya paa zinatosha, ila lipindue likikauka upande mmoja na usiliache huko wiki nzima, kwa sababu jua huvunjavunja plastiki. Kama zamu ya kamba ni ya jirani, litundike bafuni usiku. Likifungwa likiwa na unyevu litaota ukungu na kunuka, na harufu hiyo huhamia kwenye begi. Liviringishe badala ya kulikunja kwenye mistari ileile kila mara.

Si plastiki imepigwa marufuku mbugani?

Marufuku ya Agosti 2017 ilihusu mifuko ya kubebea. Iliyoanza tarehe 5 Juni 2020 inahusu plastiki za kutumika mara moja katika mbuga, misitu na fukwe zinazolindwa: chupa za maji, sahani, vikombe, mirija na kadhalika. Tandiko la kutumika tena na tena halimo. Likichanika huko, rudi nalo mjini pamoja na kila kipande kilichong'oka.

Lina kazi nyingine njiani?

Linayo. Liweke juu kabisa ya begi, si chini. Mvua ikikushika kabla ya kufika, linafunika mzigo. Na ukirudi na begi lenye tope, litandaze kwenye buti la matatu kabla makanga hajaanza kelele.